Kioo kimekufa, au waya umechoka?

Swali: Salaam fundi. Nina steshenari Mbagala Rangi Tatu, nachapa barua na kutoa kopi. Laptopu yangu niliinunua Kariakoo mwaka jana ikiwa imetumika. Kama miezi miwili iliyopita kioo kilianza kuchezacheza: nikikilaza nyuma kinazima, nikikirudisha mbele kidogo kinawaka. Nikawa nakiegemeza kwenye boksi la rimu kisisogee. Wiki iliyopita kikazima moja kwa moja. Fundi wa kwanza akasema kioo kimekufa, ninunue kingine. Nikaenda kwa wa pili. Huyo akaifungua, akachomeka kioo alichotoa kwenye laptopu nyingine pale pale mezani, nacho hakikuwaka, akasema basi bodi ndiyo imekufa, bora niiuze kama spea. Lakini nikiiwasha nasikia feni, sauti ya kuwaka inatoka, na jana nilipochomeka printa ikatoa barua ya mteja ambayo niliituma kabla kioo hakijazima. Nimwamini nani?

Jibu: Dada yangu, kwa sasa usimwamini hata mmoja. Hakuna aliyepima kitu hapo. Wa kwanza amekisia, wa pili amejaribu kitu kisha akakisoma vibaya, na wote wawili walikuwa wanakisia kwa pesa yako. Barua yako ina mambo matatu uliyoyataja kama ya kupita tu. Nimeyasoma mara mbili, maana kesi yote imo humo.

La kwanza ni hiyo barua ya mteja. Ili printa itoe ile karatasi, ilibidi laptopu iwake, isome diski, ipandishe Windows, ikumbuke kuna kazi imebaki kwenye foleni, iitambue printa na kuisukumia. Maana yake prosesa ipo, memori ipo, diski ipo. Bodi iliyokufa haichapi barua. Inawezekana kuna kipande kidogo cha bodi chenye hitilafu, na nitakifikia, lakini hilo ni tofauti kabisa na "uza spea". Tena ukiiuza leo kama spea, anayejua kusoma dalili kama hizi ataiwasha kabla ya wiki kuisha.

La pili ni ule mchezo wa kuzima kikilazwa na kuwaka kikirudishwa. Jiulize: kioo chenyewe kinajuaje kwamba kimelazwa? Hakijui. Kimekaa kwenye fremu yake, kimetulia, hakuna kinachokikunja. Kinachokunjwa ni waya unaotoka kwenye bodi, unapita pembeni ya bawaba, unapanda hadi nyuma ya kioo. Ukifungua unakunjwa, ukifunga unakunjwa upande wa pili. Mtu wa steshenari anayefungua na kufunga mara 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, baada ya miezi minane tayari ameukunja mara 2,080, na hapo sijahesabu mtu aliyeitumia kabla haijafika Kariakoo. Ndani ya waya huo mna nyuzi nyembamba kama unywele. Zinaanza kukatika moja moja. Mwanzoni zilizokatika zinagusana kioo kikiwa wima na kuachana kikilala, ndiyo maana boksi la rimu lilikusaidia. Halafu siku moja zinaachana jumla.

La tatu ni jaribio la kioo kingine, na hapa ndipo fundi wa pili alipoteleza. Alichukua kioo kizima akakichomeka kwenye mwisho wa waya uleule. Ni kama taa ya sebuleni imezima kwa sababu waya umekatika juu ya dari, wewe unabadilisha balbu. Badilisha hata kumi. Kioo cha pili kutowaka hakukumwambia lolote kuhusu bodi. Kulimwambia tu kwamba kioo chako huenda hakina kosa, yeye akasikia kinyume. Na hapo nimechukulia kwamba vioo vyote viwili vilikuwa na plagi ya aina moja, jambo ambalo nalo halina uhakika.

Kwa hiyo kabla sijaigusa nashuku waya, pale kwenye bawaba. Baada ya waya nashuku fyuzi moja ndogo sana, ambayo huenda iliungua laptopu ikiwa mezani kwa fundi. Kioo chenyewe nakiweka wa tatu. Lakini shuku si kipimo, na vipimo vyenyewe unaweza kuvifanya wewe leo usiku bila kushika bisibisi.

Elewa kwanza kwamba kioo kinahitaji vitu viwili tofauti, picha na mwanga. Ukiondoa laptopu chache za bei ya juu zenye vioo vya OLED, kioo cha laptopu hakitoi mwanga wake. Sehemu ya mbele ni kama pazia lenye vitundu vidogo mno. Kioo cha kawaida cha 1366 kwa 768 kina nukta 1,049,088, na kila nukta ina vitundu vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, vinavyofunguka na kufumba kadiri picha inavyotaka. Mwanga unatoka nyuma ya pazia hilo, kwenye mstari wa taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni, mara nyingi upande wa chini, na kuna karatasi nyeupe zinazousambaza uenee kote. Hata umeme wake ni tofauti. Picha inaendeshwa kwa volti 3.3. Taa, kwenye laptopu nyingi, inalishwa kutoka njia ileile ya chaja na betri, na chaja nyingi ni za volti 19 au karibu na hapo. Vyote viwili vinapita kwenye waya mmoja, lakini kwenye nyuzi tofauti. Ndiyo maana mwanga unaweza kufa ukaacha picha hai.

Na picha hai isiyo na mwanga inaonekana, ukijua pa kutazama.

Subiri giza liingie, uzime taa ya chumbani. Chomeka chaja, washa laptopu, usubiri kama dakika mbili hadi uwe na uhakika Windows imepanda. Bonyeza kitufe cha kuongeza mwanga mara kadhaa, ile alama ya jua kwenye kibodi. Usinicheke: nimewahi kuletewa laptopu ambayo ugonjwa wake wote ulikuwa mtoto aliyeshusha mwanga hadi mwisho. Sasa washa tochi ya simu, uisogeze karibu na kioo, kama upana wa kiganja, lakini usiimulike moja kwa moja. Ilaze pembeni mwanga uteleze juu ya kioo, na jicho lako nalo lilaze upande mwingine. Tembeza taratibu, ukianzia kona ya juu kushoto ambako ikoni huwa zinakaa. Mwanzoni utaona weusi na alama za vidole vyako. Halafu, kama picha ipo, kuna kitu kitajitokeza ndani ya ule weusi, hafifu, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia la dirisha usiku: ukingo wa dirisha la Windows, saa, jina lako pale pa kuingizia nywila. Wateja wangu wengi wakikiona hicho kivuli kwa mara ya kwanza hupiga kelele. Sogeza kipanya uone kama kishale kinatembea.

Ukiona kivuli, kioo kinachora. Kilichokosekana ni mwanga, na kosa liko kwenye nyuzi za taa ndani ya waya, au kwenye fyuzi ya taa, au kwenye LED zenyewe. Usipoona chochote hata ukirudia mara tatu, basi picha nayo haifiki, na hilo linazidi kunielekeza kwenye waya uliokatika au plagi iliyochomoka.

Ukiwa bado kwenye giza, fanya la bawaba. Laptopu ikiwa imewaka, anzia nusu ya kufunga, kisha kifungue kioo polepole mno, ukisimama sekunde mbili kila baada ya upana wa kidole, hadi mwisho, kisha urudi. Unapopita tazama kama kuna mmweko wowote, hata wa kufumba na kufumbua. Bonyeza kidogo tu fremu ya chini ya kioo karibu na bawaba ya kushoto, kisha ya kulia. Kikimeta hata mara moja, mshtakiwa ni waya na kesi imekwisha. Kisipometa, waya haujasamehewa, kwa sababu nyuzi zikishaachana kabisa hakuna pembe itakayozirudisha.

Usianzie kioo kikiwa karibu kufungwa, kwa sababu laptopu zina kihisio cha sumaku kinachoiambia mashine kwamba imefungwa ilale. Kuna kipande cha sumaku kwenye fremu ya kioo na kihisio upande wa kibodi. Kihisio hicho hakitofautishi sumaku ya kioo na sumaku nyingine yoyote. Aliwahi kuja kijana analalamika kioo kinazima kila akianza kuchapa, kwangu hakizimi hata dakika. Siku ya tatu nikamwambia kaa hapa uchape mbele yangu. Akavua simu mfukoni, ina kava la kukunja lenye sumaku, akaiweka pembeni ya kibodi. Kioo kikazima. Hakunilipa kitu, alinunua soda.

Jaribio linalofuata ni TV, na hili lina faida ya ziada, maana litakurudisha kazini kabla hata hujatengeneza. Tafuta waya wa HDMI, uchomeke laptopu kwenye TV ya nyumbani, na kwenye TV uchague HDMI hiyo. Picha ikija yenyewe, vizuri. Isipokuja, shika kitufe cha Windows na ubonyeze P, subiri, bonyeza P tena, kisha Enter. Hapo unachagua bila kuona, kwa hiyo rudia kwa utulivu hadi TV iitikie. Picha ikiwa safi kwenye TV, isiyo na mistari wala kutetemeka, sehemu ya bodi inayotengeneza picha ni nzima kwa kiasi cha kutosha kunitoa wasiwasi. Nasema kiasi cha kutosha kwa sababu laptopu zenye chipu mbili za picha wakati mwingine hutumia moja kwa HDMI na nyingine kwa kioo chake. Hizo ni chache kwenye laptopu za ofisi, na nadhani yako ni ya ofisi. Basi kama kuna TV au monita ya kuazima, ipeleke steshenari kesho uendelee kuchapa barua za watu. Hakuna sababu ya biashara kusimama wakati unanisubiri mimi au fundi mwingine.

Hukusema laptopu ni ya kampuni gani. Kama ni Dell, kuna jaribio lililojengwa ndani ambalo watu wengi hawalijui. Izime kabisa, chomeka chaja, shika herufi D bila kuiachia, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha. Kioo kinatakiwa kionyeshe rangi nzima nzima kwa zamu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Rangi hizo hazitoki kwenye Windows, kwa hiyo hakuna programu ya kusingizia. Zikija safi, kioo kizima. Zikija na mistari au doa, kioo ndicho. Zikigoma kuja, umerudi kwenye waya na umeme wa taa. Zikiwa zinapita, chezesha kioo mbele na nyuma kama nilivyoeleza.

Watu wa Windows kutetemeka tu, yaani kioo kinatulia ukiwa ndani ya BIOS, ile skrini ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, lakini kinaruka ukishaingia Windows, wao ugonjwa wao ni dreva, yaani programu inayoendesha picha, waanze kwa kushika Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Wewe si mmoja wao.

Sasa nisikilize kuhusu kwenda kwa fundi, maana hapa ndipo laptopu nyingi zinaingia na ugonjwa mmoja zinatoka na miwili.

Mwambie jambo moja kabla hajagusa kioo: betri itoke kwanza. Kwenye laptopu za siku hizi betri iko ndani, imechomekwa kwenye bodi kwa plagi yake, na kuzima mashine peke yake hakutoshi. Nimeyajua haya kwa aibu. Nikiwa bado najifunza kazi nililetewa laptopu yenye mistari kwenye kioo. Nikafungua fremu kwa haraka, nikachomoa plagi ya kioo, nikairudisha ikiwa imekaa upande kidogo, betri iko mahali pake. Sikusikia mlio, sikuona cheche. Nilipowasha, mistari ilikuwa imetoweka, kwa sababu kioo kizima kilikuwa cheusi. Aliyekuwa ananifundisha hakunigombeza. Alichukua mita ya kupimia umeme, akaiweka kwenye mlio, ambapo hulia njia ikiwa haijakatika, akagusa ncha mbili za kidude kilichokaa karibu na soketi ya kioo kwenye bodi, kidogo kama punje ya ulezi. Mita ikanyamaza. Akaniambia, "Hiyo ndiyo fyuzi ya taa, na umeiua wewe." Pini za umeme wa taa ziko kwenye plagi ileile ya pini za picha. Plagi ikikaa upande betri ikiwa ndani, umeme unapita pasipo pake, na ukiwa na bahati fyuzi inajitoa mhanga. Usipokuwa na bahati, kinachoungua ni chipu.

Ndiyo maana nimeiweka fyuzi nafasi ya pili kwenye orodha yako. Fundi wako alichomeka na kuchomoa vioo viwili. Sijui kama alitoa betri, na wewe hukuwa unajua umuulize. Kwa hiyo usishangae waya mpya ukiwekwa na taa bado ikagoma. Hapo fundi apime fyuzi kwa mita, laptopu ikiwa haina betri wala chaja: ikilia ni nzima, ikinyamaza imekatika. Na ikiwa imekatika aweke fyuzi nyingine ya kiwango kilekile. Kuna wanaoruka fyuzi kwa kuchomelea kipande cha waya juu yake. Kioo kitawaka, mteja atafurahi, na siku waya wa kioo utakapogusana tena hakutakuwa na cha kuzuia moto usiingie kwenye bodi.

Waya wenyewe nao upimwe, usihukumiwe kwa macho. Fundi autoe mzima, agundishe mita kwenye pini ya mwisho mmoja na ya mwisho wa pili, kisha aukunje pale ulipokuwa unapita kwenye bawaba huku akisikiliza. Mlio ukikatika akiukunja, hapo ndipo. Mara nyingi ukiuvua ule mkanda mweusi uliouzunguka utaona kwa macho pia: gamba limechubuka, nyuzi mbili tatu zimetokeza kama manyoya, na wakati mwingine kuna rangi ya kijani, yaani kutu ya shaba. Hewa ya jiji letu ina unyevu na chumvi ya bahari, inazikuta nyuzi zilizo wazi na kuzimaliza. Nimekuta na mende pia, wanapenda joto la pale ndani, na kinyesi chao kwenye soketi ya kioo kinafanya kazi ileile ya kutu. Soketi ikiwa chafu tu, spiriti na mswaki mlaini vinatosha.

Waya uliokatika usikubali uungwe ovyo. Nyuzi nene kidogo zinazobeba umeme wa taa zinaungika, fundi mwenye mkono mzuri anaweza. Zile za picha zina gamba la waya mwingine kuzunguka uzi wa katikati, unene wote ni kama unywele, na ukiziunga kwa risasi na selotepu utapata kioo cha waridi kinachotetemeka. Nunua waya mzima. Bei yake ni ndogo kuliko ya kioo, tena kwa mbali, na nadhani ndiyo sababu huusikii ukitajwa mara nyingi mezani.

Kuupata ndiyo kazi. Usiende Kariakoo ukasema "nataka waya wa kioo wa laptopu fulani", kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na nyaya mbili au tatu tofauti, ya kioo cha kawaida, ya kioo cha 1920 kwa 1080, ya kioo cha kugusa. Nenda na waya wenyewe mkononi. Una stika yenye namba ndefu, nyingi huanza na DC02 au DD0. Namba hiyo ndiyo unayoitafuta, si jina lililoandikwa juu ya laptopu. Piga picha stika kabla haijafutika. Maduka ya spea ya Kariakoo yana madroo yamejaa nyaya zilizovuliwa kwenye laptopu zilizochinjwa. Waya wa namna hiyo si mbaya, ila upimwe kwa mita mbele yako, maana nao ulikuwa unakunjwa na mtu.

Na bawaba itazamwe. Hili watu wanalisahau kisha baada ya miezi mitatu wanarudi. Bawaba ikiwa ngumu inavuta plastiki, plastiki inapasuka, waya unabanwa. Fundi alegeze skrubu yake kidogo au aweke tone la grisi, na ahakikishe waya umerudi kwenye mfereji wake na haujapita juu ya skrubu. Wewe nawe ukifungua, shika katikati ya ukingo wa juu. Ukivuta kona moja unaipindisha fremu nzima, na mzigo wote unaingia kwenye bawaba ya upande huo.

Ikitokea nimekosea na kioo ndicho kimekufa, basi jua unanunua nini. Kioo kikishatolewa, geuza utazame mgongoni. Kuna namba kama zile zinazoanza na B156, N156, LP156 au NT156. Hiyo 156 ni inchi 15.6, kwa hiyo ya inchi 14 utaiona 140. Soma namba yote hadi herufi za mwisho, kwa sababu ndizo zinazotenganisha kioo cha 1366 kwa 768 na cha 1920 kwa 1080. Kisha hesabu pini. Vioo vingi vya miaka ya karibuni ni vya pini 30, vya zamani vingi ni vya pini 40, na kuna vipya vya kugusa vyenye pini 40 ambavyo haviingiliani na vile vya zamani ingawa hesabu ni moja. Ukisikia muuzaji anasema "hiki kinaingia tu", ondoka. Kioo kijaribiwe kikiwa kimechomekwa lakini hakijafungwa skrubu. Weka ukurasa mweupe mtupu uone kama kuna doa, kisha mweusi mtupu uone kama kuna nukta inayong'aa. Ukiridhika, ndipo kifungwe na ndipo ulipe.

Kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na dalili tofauti na za dada huyu, nitapita haraka. Mstari wima wa rangi usiohama hata ukichezesha kioo, na usioonekana kwenye TV, ni kioo, mara nyingi pale nyaya zake nyembamba zilipogundishwa ukingoni, na hapo hakuna cha kutengeneza mtaani. Doa jeusi linalosambaa kama wino ni kioo kilichopasuka ndani, kwa kawaida baada ya begi kubanwa kwenye daladala au chaja kufungiwa juu ya kibodi. Madoa meupe kama mwanga wa taa ni karatasi za nyuma zilizobonyezwa, kinatumika tu ukivumilia. Mistari inayotokea hata kwenye TV, hapo sasa ndiyo bodi au chipu ya picha. Laptopu inayowaka taa ya kitufe lakini haitoi sauti, na taa ya Caps Lock haiitikii ukibonyeza, haina tatizo la kioo hata kidogo, anza kwa kutoa memori, kusugua meno yake kwa kifutio na kuirudisha. Na iliyonyeshewa isiwashwe "kuona kama ni nzima". Itolewe betri, ifunguliwe, ikaushwe. Usiizike kwenye mchele ikauke, mchele upikwe.

Turudi kwako. Leo usiku fanya la tochi na la TV, uandike pembeni ulichokiona kwa maneno yako. Ukiona kivuli na TV ikawa safi, nenda kwa fundi yeyote mwenye mita ukamwambie hivi: taa ya nyuma haiwaki, picha ipo, naomba upime waya kisha fyuzi, betri ikiwa nje. Akianza kukuuliza bei ya kioo, chukua laptopu yako. Usipoona kivuli lakini TV ikawa safi, mwambie aanze na waya vilevile, ila afungue upande wa bodi pia aone kama plagi imekaa sawa, kwa sababu aliyefungua mwisho alikuwa na haraka. Na lile boksi la rimu liondoe mgongoni mwa laptopu tangu sasa, linasukuma kioo palepale bawaba zilipoanzia.